Hivi kwanini Mrusi anakununia wiki nzima halafu siku ya kuondoka anakukumbatia kama ndugu? Waliokaa Urusi njooni

mpokeziPaje
Wakuu heshima zenu. Mi niko risepsheni kwenye hoteli moja huku kusini mashariki ya Unguja, jina niliache. Tangu kile kipindi cha korona ndege za kutoka Urusi zilipoanza kushuka Zanzibar moja kwa moja tunapokea Warusi mpaka wote hapa tunajua kusema spasibo. Sasa kuna kitu kinanitatiza. Muitaliano hajashuka vizuri kwenye basi keshaanza kelele na wewe, jambo jambo, hakuna matata. Mrusi anashuka, anakuangalia usoni, anaweka paspoti kaunta, kimya. Ukimchekea anageuka nyuma kuangalia unamchekea nani. Unajisemea huyu keshaudhika na hata chumba hajakiona. Wiki nzima ndio hivyo, anapita, anatikisa kichwa kidogo, anakwenda zake baharini. Halafu siku ya kuondoka mama wa watu anakuja na boksi la chokoleti alilolibeba kutoka kwao, anakushika mikono yote miwili, anakuonyesha simu inayotafsiri imeandika kwamba wewe ni mtu mzuri na waliokulea wamekulea vizuri, na machozi yanamlengalenga.

Hapa kazini tumegawanyika. Meneja anasema ni baridi ya kwao, wa jikoni anasema ni ukomunisti, mlinzi anasema ni dharau tu na chokoleti ni ya kuombea radhi. Waliosoma kule au kufanya kazi tupeni nondo, hawa watu wakiwa kwao wakoje?

kaka_mtoro
Siti ya mbele kabisa, na karanga zangu.

Mzee Podfak
Kijana, mlinzi mtoe kwenye kamati, dharau hamna hapo. Mimi nilisoma Voronezh enzi za Brezhnev, kiongozi wa Usovieti, mpaka akaingia Andropov. Kule tabasamu ni la watu unaojuana nao. Muuza duka akikuchekea bila sababu unajiuliza anataka kukubambika nini kilichooza. Wana methali kabisa, kucheka bila sababu ni dalili ya upumbavu, mtoto anaambiwa hivyo tangu chekechea. Kwa hiyo ukimchekea pale kaunta mwenzako anaitafuta sababu, haioni.

Mlangoni hosteli kwetu alikuwa anakaa bibi wa zamu, kitambaa kichwani, miwani imefungwa uzi mguu mmoja. Meno yake sikuwahi kuyaona. Asubuhi moja ya Januari natoka bila kofia, nywele zangu afro nimezichana vizuri naringa nazo, yule bibi akanifokea korido nzima ikatoka kuangalia. Nikajua huyu ananichukia. Kesho yake akaniita, akanitupia mkononi soksi za sufu alizofuma mwenyewe usiku kwenye zamu, na bado anafoka, eti vaa hapahapa nione. Nikavaa. Akavuta ile ya kushoto kisigino kikae sawa, akarudi kwenye kiti chake kununa. Kaeleze meneja wako hilo ni baridi au ni ukomunisti.

Dakta Kabeji
Shikamoo mzee. Ila mi nasimama na meneja, baridi. Kijiji cha Oymyakon huko Siberia mwaka 1933 walipima nyuzi 67.7 chini ya sifuri, sasa hapo ukicheka si meno yanaganda 😂😂 Binadamu wa barafu lazima uso uwe wa barafu.

MkenyaKazan
@Dakta Kabeji wacha hizo buda. Mi niko Kazan saa hii nasoma, na kutoka hapa hadi Oymyakon ni kama dunia ingine. Hii nchi iko na kanda za saa kumi na moja. Kaliningrad wakiwa saa moja asubuhi wanatafuta chai, Kamchatka ni saa kumi na moja jioni watu wanatoka job. Kule chini Sochi, Bahari Nyeusi, kuna miti ya jamii ya minazi ya mapambo barabarani, na milima ya hapo karibu wanalima majani chai. Na watu wa Sochi hawakuchekei kwa stendi pia. Sasa baridi imeingilia wapi?

Halafu kitu ingine, mnasema Mrusi Mrusi kama ni kabila moja. Makabila huku ni zaidi ya 190. Hapa Kazan karibu nusu ya mji ni Watatar, Waislamu, na dini waliipokea 922, kabla hata Prinsi Vladimir wa Kiev hajabatizwa 988. Msikiti wa Kul Sharif uko ndani ya kuta za Kremlin, ngome ya hapa, umefunguliwa 2005, na hatua chache tu liko kanisa kuu la Waorthodox. Ukienda Kalmykia ni Wabudha, wako upande wa Ulaya na mahekalu yao. Kwa hiyo huyo mgeni wa Paje anaweza kuwa na paspoti ya Urusi na kumbe ni Mtatar, ama Mbashkir, ama Mbuddha wa Buryatia.

kaka_mtoro
Wabudha wa Ulaya?? Hii chai ina tangawizi.

MkenyaKazan
Gugo iko bure msee. Andika Elista, mji mkuu wa Kalmykia.

kisiki cha mpingo
Mimi niko na wa jikoni. Fikirieni miaka ile ya Stalin, 1937, jirani anakuripoti, usiku inakuja gari nyeusi, huonekani tena. Na mijini walikaa kwenye zile komunalka, nyumba moja familia tano sita, jiko moja, choo kimoja, kila mtu na balbu yake na swichi yake ili asilipie umeme wa mwenzie. Ukikaa hivyo miaka hamsini unajifunza kufunga uso, maana uso ndio mlango pekee ulio nao. Ndani kwako unafungua kwa wale unaowaamini tu, na hapo ndio unakuta ule ukarimu wa kupitiliza. Mi naona kila kitu kinajieleza.

Rostov2009
@kisiki umeandika vizuri ila kuna shimo. Stalin mwenyewe alikuwa Mgeorgia, kazaliwa Gori, na Georgia ilionja kipigo kilekile cha 1937, polisi wa siri walewale wa NKVD, foleni zilezile. Nenda Tbilisi leo uone watu walivyo, dakika kumi umeshashikishwa glasi na unaitwa kaka. Kama ni ukomunisti mbona kule haukufunga nyuso?

Mi nimekaa Rostov, nawaambia ni adabu tu ya mitaani, ya kuachiana nafasi. Mfano marshrutka, hizi ndizo daladala zao. Konda hamna. Uko siti ya nyuma kabisa, unamgusa wa mbele bega unampa noti, anampa wa mbele yake, inakwenda mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia ileile mkono kwa mkono, dereva anahesabu sarafu huku anakata kona, kati ya mikono yote hiyo hamna aliyekuangalia usoni na hamna rubli iliyopungua. Sasa jaribu hiyo Mbagala.

kaka_mtoro
Mbagala hata noti yenyewe haifiki siti ya tatu 😂

Dakta Kabeji
Tuache siasa. Sababu ni vodka. Asubuhi wana hengova, jioni wamechangamka. Nimemaliza.

Rostov2009
Dokta hizo ni habari za zamani. WHO wenyewe walitoa ripoti 2019 kwamba unywaji Urusi ulishuka asilimia 43 kati ya 2003 na 2016. Walipandisha bei, wakazuia kuuza usiku, na bia ambayo kisheria ilikuwa inahesabiwa kama chakula tu, 2011 ikapitishwa sheria nayo ihesabiwe pombe. Vijana wengi niliokuwa nao jimu ni chai na chai.

Mzee Podfak
Chakula, naam, tena tuliila sana.
Masimulizi yao ya kale yanasema huyo Prinsi Vladimir aliyetajwa hapo juu aliletewa wajumbe wa kila dini achague, akayapenda baadhi ya mambo ya Uislamu, alipofika kwenye pombe akakataa, akasema kunywa ndio furaha ya Warusi. Sasa sijui ni kweli au watawa waliochonga hadithi walikuwa na kiu.

bintiTanga
Jamani na mimi nimefika. Baba yangu alikuwa msikilizaji wa Radio Moscow idhaa ya Kiswahili, jioni redio ya mbao juu ya kabati, sisi watoto marufuku kupita. Na vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa Moscow tulikuwa navyo, vigumu kama tofali, karatasi inanukia, bei ya kutupa. Urusi yangu mimi ni hiyo, sijawahi kukanyaga.

Ila nimeuliza hivi, ni kweli mshairi wao mkubwa kuliko wote, Pushkin, ni Mwethiopia?

kisiki cha mpingo
Ndiyo dada, Pushkin Mwethiopia. Hata pale Addis Ababa kuna sanamu yake.

MkenyaKazan
@kisiki pole pole. Pushkin ni Mrusi, kazaliwa Moscow 1799. Mwafrika ni babu wa mama yake, Abram Gannibal, aliletwa mtoto kama mtumwa kupitia Istanbul, akafika kwa Tsar Peter Mkuu, akabatizwa 1705 Tsar mwenyewe akiwa baba wa ubatizo. Akapelekwa Ufaransa kusoma uhandisi wa kijeshi, akarudi, akafa jenerali. Mwanafunzi mweusi wa skolashipu wa kwanza hehe.

Rostov2009
Na hata huko Ethiopia hakujathibitishwa. Zamani walikuwa wanasema Abyssinia, wengine wanasema ni eneo la Eritrea ya leo, ndio maana Asmara nao wakasimamisha sanamu yao. Halafu akaja mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, akasema hapana, ni Logone, kaskazini ya Kameruni mpakani na Chadi. Kwa hiyo nchi kama nne zinamgombania mtu mmoja.

bintiTanga
Nne! Basi na sisi Tanga tuombe nafasi.

Mzee Podfak
Mimi nilichokiona ni kwamba Mrusi mwenyewe hilo halimsumbui. Mtu wa kiwandani, mikono ina grisi, anakughania beti za Pushkin kwa kichwa bila kukwama, halafu anakuambia "huyu ni wa kwenu na wa kwetu" anakumiminia nyingine. Watoto wanavikariri shule.

mtu_pori
Mnapamba sana humu. Kaka yangu alikuwa kule miaka ya 2000, jioni walikuwa hawatoki mmoja mmoja, vijana wa vipara walikuwa wanapiga na kuua wanafunzi weusi, Voronezh hiyohiyo ya mzee na St Petersburg, magazeti yaliandika, si siri. Kwenye metro polisi anapita watu mia anakuja kusimama kwako, dokumenti. Na leo hii matangazo ya kazi Urusi yamejaa kwenye magrupu ya wasapu, tiketi bure, mshahara mnono, mtu anaishia mstari wa mbele Ukraine. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kifo cha kijana Mtanzania, alikwenda Moscow kusoma, akafungwa, akatolewa jela akapigane upande wa Wagner, kundi la mamluki la Urusi, akafia kule. Ninyi mnahadithia soksi.

Mzee Podfak
Hayo hayakatai mtu. Wakati wetu matusi yalikuwepo, ila kupigwa hivyo nilikusikia baadaye, baada ya 1991, nchi imevunjika, mishahara haitoki miezi, kijana hana kazi anatafuta wa kumlaumu. Lakini serikali ni serikali na bibi wa mlangoni ni bibi wa mlangoni.

mtu_pori
Na hao wa vipara walikuwa wajukuu wa nani mzee wangu?

kaka_mtoro
Hapo pamekuwa pagumu. Narudisha karanga mfukoni.

MkenyaKazan
@mtu_pori hiyo ya ajira ni ukweli, hata kwetu Kenya familia zinalia saa hii. Mtu yeyote akikuandikia Telegram kazi ya Urusi mpige bloku. Mimi binafsi mtaani natazamwa, watoto wanaonyeshea kidole, mmoja aliomba kushika nywele. Kupigwa bado. Lakini si kila mtu atakuambia hivyo, na usiku sitembei peke yangu.

Mama Zaituni wa Muscat
Salaam. Nimeolewa na familia iliyo na bibi harusi Mrusi, mke wa shemeji yangu, wa St Petersburg. Miye naongeza sababu ambayo hamjaitaja, vita. Mji wao ulizingirwa na Wajerumani siku 872, tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944, kuna majira mkate ulikuwa gramu 125 kwa siku kwa mtu asiye mfanyakazi wa kiwandani, na wenyewe umechanganywa na takataka. Bibi yake alikuwa mtoto mle ndani. Mpaka leo huyu mke wa shemeji hatupi mkate. Makombo anayakusanya na kiganja, anayaweka kinywani, bila kufikiri, kama anafunga kifungo. Na mgeni akiingia kwake hata saa nane usiku anapikiwa, utake usitake. Sasa watu wamekufa milioni 27 nchi ile ya Kisovieti, utamwambia mtu acheke cheke barabarani na nani?

Rostov2009
Mama heshima. Hilo la chakula ni kweli mia kwa mia, kule ukikataa sahani ya pili umetukana. Ila kwenye uso bado, maana Poland nao walimalizwa, Vietnam nao, na Mvietnamu anakuchekea vizuri tu. Unajua kabla ya Kombe la Dunia 2018 ilibidi wafanyakazi wa reli wapewe mafunzo na mwanasaikolojia jinsi ya kutabasamu kwa wageni? Kitu kinachofundishika kwa semina hakiwezi kuwa jeraha la vita.

Mama Zaituni wa Muscat
Semina inafundisha mdomo tu mwanangu.

bintiTanga
Mama kapiga msumari 👏

Kibo_Baridi
Nachomekea ya maua kabla sijasahau maana naona kuna wanaotaka kuoa. Hosteli tulikuwa na jamaa wa Bukoba, akaenda kutambulishwa ukweni, kanunua waridi kumi, kajipanga, suti. Mama mtu akafungua mlango, akayahesabu kwa macho, akachomoa moja akaliweka peke yake kwenye glasi, tisa akazitia kwenye vase, ndio akamwambia karibu. Idadi shufwa ni ya msibani, mtu hai anapewa witiri. Na jamaa alipotaka kumpa baba mkwe mkono akiwa bado nje, mzee akamvuta kwanza ndani, hawapeani mkono kizingitini. Kuvua viatu hiyo haikumshinda, unapewa ndara mlangoni kama Unguja tu. Siku ya kusafiri wote wanakaa kimya kidogo juu ya mabegi ndio watoke. Mhandisi wa roketi anakaa, profesa anakaa.

kaka_mtoro
Kwa hiyo nchi iliyompeleka Gagarin angani 1961 inaogopa waridi kumi. Tumekwisha.

Kibo_Baridi
@mpokeziPaje wewe kwa kazi yako nikupe siri. Mtu mzima wa makamo usimwite Mister Vladimir. Mwite jina lake na la baba yake, Vladimir Petrovich, mwanamke Irina Sergeyevna, hiyo ndio shikamoo yao. Kwenye paspoti ya kusafiria la baba limeandikwa kwa herufi za Kirusi tu, kwenye Kilatini hawaliweki, ndio maana hamlijui.

mpokeziPaje
Aisee asante, madini hayo. Nimejaribu leo asubuhi kwa mzee mmoja chumba cha bustanini, nimekaa na ile paspoti nasoma herufi moja moja na simu. Nikamwita. Akasimama. Akarudi kaunta, akanisahihisha matamshi, nikarudia, akanisahihisha tena, akaenda zake kunywa chai. Sasa sijui hiyo naiandika upande gani.

Dakta Kabeji
Andika upande wa baridi.

nahodha_Nungwi
Nimesoma uzi wote nacheka. Wa kwangu mimi kwenye boti wanapiga kelele, wanaimba, wanaruka majini na nguo. Wapi huko wanakonuna?

Rostov2009
Una uhakika ni Warusi? Kirusi wanaongea Wakazakhi, Wabelarusi, Waukraine wengi, hata Waarmenia. Na boti ina kreti ya bia.

nahodha_Nungwi
Wa Siberia, Novosibirsk, wameniandikia namba zao. Bia ndio ilikuwepo.

Kibo_Baridi
Mnaona sasa. Na mimi kinachonichanganya zaidi ni treni. Nilipanda ile ya Siberia, sio mpaka Vladivostok, hiyo ni kilomita 9,289 kama siku saba, mimi niliishia Irkutsk kwenda kuona Baikal, ziwa lenye kina mita 1,642. Behewa la bei nafuu, platskart, vitanda 54 bila milango, miguu ya watu imetokeza njiani. Kituoni wote wamenuna kama kawaida. Treni imetembea nusu saa, mtu kavaa ndara na bukta, mama wa pembeni kafunua kuku wa kuchoma kwenye foili, mayai, matango ya chumvi, kanisogezea bila kuuliza. Mhudumu analeta chai kwenye glasi yenye kishikio cha chuma. Usiku ule yule mama kanieleza talaka yake, deni la benki, mtoto wake asiyempigia simu, vitu ambavyo mimi hata dada yangu siwezi kumwambia. Wageni kabisa sisi. Sasa mzee Podfak anasema tabasamu ni la unaojuana nao, mimi na yule mama tulijuana wapi?

Mzee Podfak
Ulikula kuku wake. Mmeshajuana.

kisiki cha mpingo
Au ni kwa sababu anajua Irkutsk unashuka na hutamuona tena, hakuna wa kumripoti. Narudi palepale kwangu.

MkenyaKazan
Ama labda ni treni tu. Hata SGR watu huongea.

kaka_mtoro
SGR ya wapi watu wanaongea? Wote masikio yamezibwa na spika, Dar mpaka Dodoma. @Kibo_Baridi hilo behewa la kuku nauli yake shilingi ngapi na linakatwa wapi tiketi?